Ukoo Uliotafutwa Ndani ya Belo

Fundi alikuwa na jina la ukoo la Kiskochi, linaloanza na Mak, na mimi sitaliandika hapa. Lina wenyewe, na wenyewe hao ndio waliotuharibia mtu. Sisi wa Bariadi tulimwita Fundi, basi, kwa sababu alikuwa fundi mkuu wa mitambo pale jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Jineri ilifungwa, ikafunguliwa na tajiri, ikafungwa tena, na yeye akabaki Fundi, kama mtu aliyewahi kuwa padri anavyobaki padri. Nilimfahamu tangu nilipofungua belo langu la kwanza la mitumba mpaka nywele zangu zikaanza kufanana na zake. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimemkasirikia. Nimejaribu kuhesabu upya, labda nilikosea. Jibu ni lilelile.

Mambo ya kuzaliwa kwake watu wanayajua na hayanihusu. Inatosha kusema kwamba baba yake alikuwa mzungu wa Uskochi aliyekuja kufunga mashine za jineri enzi za mkoloni. Alipomaliza kazi alirudi kwao, akamwachia mtoto vitu vitatu: jina, kipande cha skafu, na desturi za mwaka mpya za nchi ya baridi. Mama yake, mwanamke wa Ngulyati, alimwachia vilivyobaki, yaani uhai, chakula, lugha na dada. Fundi alitunza vile vitatu kama mali ya kanisa. Hivi vingine alivitumia tu.

Urafiki wetu, kama ni urafiki, ulianzia kwenye makoti. Biashara ilipofunguliwa, kila mwenye mtaji wa mbuzi wawili akawa mfanyabiashara, na mimi nikaingia kwenye mitumba. Sasa matajiri wa Mwanza walikuwa na ujanja wao. Unanunua belo limeandikwa mashati, ukilikata kamba pale mnadani unakuta nusu ni makoti ya baridi, mazito kama godoro, yenye manyoya shingoni. Utamuuzia nani koti la theluji Bariadi? Mchungaji mmoja wa ng'ombe alinunua moja, akalitandika kwenye baiskeli liwe kiti. Fundi peke yake ndiye aliyeyashika kwa heshima.

"Belo," aliniita hivyo, jina la mzigo wangu, "leo umeleta ya wapi?"

"Ulaya, Fundi."

"Ulaya ni kubwa. Kaskazini au kusini?"

"Belo halina kitambulisho. Chagua."

Hachagui. Anatoa mfukoni kile kipande cha skafu, kijani na buluu kwa miraba, na uzi mwembamba mwekundu unaokatiza, anaanza kukilinganisha na kila kitambaa cha sufi. Anakiinua juani. Anakigeuza. Wateja wananisubiri. Mwisho anasema, "Hii si yetu," anakunja, anaondoka bila kununua hata kifungo.

Alinieleza kwamba kule kwa baba yake kila ukoo una miraba yake, na mtu akivaa unajua ni wa nani. "Kama nyinyi mnavyowatia ng'ombe alama," alisema.

"Nyinyi akina nani, Fundi?"

"Nyinyi Wasukuma."

"Na wewe?"

Akaangalia uzi mwekundu. Hilo swali nilimuuliza mara nyingi kuliko nilivyomuuliza bei. Alikuwa anasikia Kisukuma chote, hata matusi ya wachungaji, lakini hakijibu. Bibi akimwambia "Mwangaluka, Fundi," yeye anajibu "Habari za asubuhi," kama yuko ofisini Dodoma. Bibi wa watu anabaki na salamu yake mkononi.

Mwaka hadi mwaka alitafuta miraba ile. Mwisho nikampatia kitu kinachokaribiana, kipande kikubwa chenye mikunjo. Tulipigania bei asubuhi nzima, na nakiri alikuwa mpiganaji. Alisema ubahili ni sifa ya ukoo wao. Nikamwambia basi sisi tu ndugu, maana na mimi sipunguzi. Alikivaa begani Jumapili kwenda kanisani, kwa jua lile, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, na watoto wakamfuata.

Lakini nisimseme vibaya tu, watu wa Bariadi watanisuta. Mtu huyuhuyu aliyebishana na mimi kwa ajili ya soksi moja yenye tundu, mashine ya kusaga ya mjane ikizimika alikwenda mpaka Sola kwa baiskeli, akalala chini ya mashine, akarudi na grisi usoni na mikono mitupu. Ukimuuliza alilipwa nini anasema, "Uji." Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, kila mmoja na mizani yake, mmoja alimfuata ampe kazi ya kulegeza springi kidogo, kilo za mkulima zipungue. Fundi alimtoa mbio na spana mpaka barabarani. Akarudi kwangu, spana bado mkononi. "Mwizi yule! Anamwibia mtu aliyelima kwa mikono!" Nilimpenda siku ile. Ndiyo maana hasira yangu haikupata raha. Mtu mbaya wa moja kwa moja ungemchukia ukalala.

Sasa Desemba yake. Siku ya mwisho wa mwaka, Bariadi joto linapasua bati, Fundi anawasha moto sebuleni. Alijijengea jiko la ukutani kwa matofali ya jineri, lenye bomba la kutolea moshi, na jirani zake walikuwa wanajua mwaka unaisha kwa kuona moshi ule. Kabla ya jioni majivu yote ya zamani lazima yatolewe nje. Nyumba inafagiliwa mpaka chini ya kitanda. Mlango wa nyuma unafunguliwa ili mwaka uliokwisha utoke, halafu unafungwa, unafunguliwa wa mbele ili mpya uingie. Alieleza haya kwa uso mkavu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kubadilisha mkanda wa mashine.

La muhimu kuliko yote ni mguu wa kwanza. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti mwaka mpya ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima. Lazima awe mwanamume, awe mweusi, asiwe wa nyumba hiyo, na aje na makaa, chumvi na mkate. Akitangulia mtu mwenye nywele nyekundu, nuksi. Akitangulia mwanamke, nuksi pia. Nilimwambia kwamba kule kwa baba yake mtu mweusi huenda ni wa kutafuta, lakini Bariadi, ukimtoa yeye mwenyewe na mapadri wawili, sote tuna sifa. Hakucheka. Akaniteua mimi, kwa urefu.

Alitaka nije usiku wa manane. Nikakataa. "Fundi, nikikutana na doria ya sungusungu nitawaambia nini? Kwamba natembea gizani na kaa la moto, chumvi na mkate, nakwenda kumletea mzungu bahati? Nitajibu kesi ya uchawi mpaka Pasaka." Tukapatana alfajiri. Kuhusu ujira, tukapatana kwamba kila mwaka mpya atanunua kitu kimoja kwangu bila kubishana. Mwaka wa kwanza alichagua leso.

Alfajiri ile ya kwanza ndipo nilipomkuta dada yake.

Alikuwa amesimama nje, mgongo ukutani, miguuni kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, viatu vimejaa tope. Mtoto wa mama mmoja na Fundi, baba mbalimbali, mdogo wake. Alikuwa mweusi kama mimi, na pua ileile ya Fundi. Ametoka Ngulyati kwa miguu na kuku hawajawika.

"Mwangaluka, mayu," nikamwambia.

"Mwangaluka, mwanangu. Ingia haraka basi, na mimi niingie. Miguu imekufa."

"Kwa nini hukuingia?"

"Mimi ni mwanamke. Nitamharibia mwaka."

Nikaingia na makaa yangu na chumvi yangu. Fundi ananipokea kwa mikono miwili, ananikalisha karibu na ule moto wake wa kipumbavu, tunatokwa jasho kama wezi.

"Fundi, dada yako yuko nje."

"Anajua taratibu. Sasa anaweza kuingia."

Kila mwaka ikawa hivyo. Kila mwaka mama yule alikuja, na kila mwaka alisubiri mimi nitangulie. Mwaka mmoja mvua ilikuwa inanyesha, nikamkuta amejifunika kapu kichwani, michembe ameiweka ndani ya khanga isilowe. Nilishikwa na hasira nikamwambia, "Mayu, pita. Tangulia wewe leo, mimi nitasema nilikuwa mbele."

"Weee! Akiugua malaria mwezi wa pili watasema ni mimi."

"Nani atasema?"

"Yeye," akasema, na kucheka. "Humjui?"

Nilimuuliza siku moja, pale mnadani, anafuata nini kwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa anachagua sketi ya binti yake. Hakuinua macho. "Mimi sina haja na kitu chake. Kwetu tulizaliwa wawili, na mama amekufa. Nataka siku moja tu, mbele za watu, aseme huyu ni dada yangu. Hajawahi. Akiwa na wewe anasema 'yule wa Ngulyati.' Nataka nisikie mara moja, halafu nitamwacha na moto wake." Kisha akaniambia sketi ile zipu yake mbovu, na nipunguze. Nikapunguza. Sikuwahi kupunguza haraka namna ile.

Nafasi hiyo ikaja, au tulidhani imekuja, siku mgeni wa Uskochi alipofika.

Fundi alikuwa amewasumbua mapadri miaka mingi wamwulizie kwao habari za ukoo wake, na mwishowe mtu akajitokeza. Alikuwa mama wa makamo, mjukuu wa kaka wa yule mzungu wa jineri, ambaye naye alikuwa anafukua ukoo huohuo kutoka upande wa pili. Alikuja wakati wa msimu wa pamba, kwa gari la kukodi kutoka Mwanza, vumbi mpaka kwenye kope. Sina neno baya juu yake. Alikunywa maji aliyopewa, akapiga picha mashine za jineri zilizosimama, akauliza maswali kwa upole. Fundi alikuwa amepaka nyumba chokaa na kuniita nije, kwa sababu nina Kiingereza cha sokoni, na kwa sababu alitaka shahidi. Begani alikuwa na kile kitambaa cha miraba. Mgeni alikigusa, akaangalia mikunjo, akasema kwa tabasamu kwamba hata yeye alivaa hicho alipokuwa shuleni. Ilikuwa sketi ya wasichana. Fundi alikivua polepole, akakiweka nyuma ya kiti. Sikucheka. Siku nyingine ningecheka.

Kisha mgeni akafungua karatasi kubwa, wakaizuia pembe kwa vikombe. Ilikuwa na majina na mistari, mababu kwa mababu, wachungaji wa kondoo, wavuvi, mafundi. Fundi aliinama juu yake akipumua kwa mdomo. Pale alipoandikwa baba yake palikuwa patupu chini.

Hapo ndipo dada akaingia. Alikuwa amesikia kwamba ndugu wa kaka wametoka Ulaya. Amevaa khanga mpya, kapu la michembe kichwani, kuku mkononi. "Wageni wa kaka ni wageni wangu," alisema mlangoni kwa Kisukuma, akapiga goti kumsalimu yule mama.

Mgeni akafurahi, akauliza huyu ni nani.

Fundi akajibu kwa Kiingereza kwamba ni mama anayemsaidia kazi za nyumbani.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kiingereza changu ni cha belo. Mgeni akampa dada mkono, akarudi kwenye karatasi yake, akauliza jina la mama wa Fundi ili aliandike pembeni ya jina la mzungu. Fundi akasogeza kikombe kimoja pembeni. Akasema halikumbuki. Mgeni akachora mstari, akaweka alama ya kuuliza, na chini yake akaandika jina la Fundi. Fundi akaligusa kwa kidole, jina lake, akatabasamu kama mtoto.

"Amesema nini, mwanangu?" dada akaniuliza.

Mimi ni mfanyabiashara. Nikitaka kudanganya nadanganya bei. "Amesema wewe unamsaidia kazi za nyumbani."

Akaangua kicheko kikubwa, mpaka mgeni naye akacheka kwa adabu. "Muulize basi mshahara wangu analipa lini! Nimemtumikia miaka yote hii!"

"Na jina la mama yenu, amesema hakumbuki."

Kicheko kikakatika. Alimtazama kaka yake, ambaye hakumtazama. Kisha akainama akamchukua kuku wake. "Huyu alikuwa wa wageni wa kaka," akasema. "Hapa sijaona kaka." Michembe aliiacha.

Gari lilipoondoka nilibaki. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumpandishia Fundi sauti kwa kitu kisicho na bei.

"Jina la mama yako hulikumbuki?"

"Ungefanyaje wewe? Wamekuja mara moja tu. Nianze kueleza mama hakuolewa, dada ana baba mwingine, Ngulyati hivi, Ngulyati vile? Wangenifuta."

"Kwa hiyo ukawahi kumfuta mama."

"Belo, wewe unauza nguo za watu usiowajua. Usinifundishe ukoo."

"Aliyekubeba mgongoni akivuna pamba ni nani? Karatasi ile?"

"Baba alisema atanitumia nauli!" alipiga kelele, mzee wa miaka sitini na kitu, mikono imejaa makovu ya mashine. "Alisema! Nilikaa pale getini pa jineri!" Halafu akakaa kwenye kiti, akavuta kile kitambaa, akakikunja vizuri kufuata mikunjo yake. Ningemhurumia. Nilikuwa nimeshaanza. Lakini nikaliona lile kapu pale mlangoni, nikaondoka.

Mwaka mpya uliofuata sikwenda na makaa. Hakwenda mtu. Moshi ulitoka, jirani zake wakaniambia, na mlango wa mbele ukabaki wazi tangu alfajiri. Wa kwanza kuvuka kizingiti alikuwa mbuzi wa jirani, jike, tena mweupe. Bariadi nzima ilicheka. Dada yake hakuonekana mwaka huo, wala uliofuata, wala mwingine. Ile karatasi ilitumwa ikiwa imechapishwa vizuri. Fundi akaitia fremu, akaitundika juu ya jiko lake la ukutani. Nilikwenda kuiona mara moja, nikaona alama ya kuuliza imechapishwa nayo, kubwa kuliko jina lake.

Mara ya mwisho kuwa naye pamoja ilikuwa Ngulyati, na si yeye aliyenialika.

Binti wa mwisho wa dada yake alikuwa ameposwa na watu wa Lagangabilili, nami nikaitwa niwe msemaji wa upande wa binti, kwa ajili ya mdomo wangu. Tulikaa kwenye kivuli cha nyumba, wanaume mbele, wanawake nyuma karibu na jiko. Kila kijiti chini kilikuwa ng'ombe mmoja. Msemaji wa Lagangabilili alikuwa mzee mwembamba, mjanja, nilimpenda papo hapo. Tulivutana mpaka vijiti vikapata jasho. Kisha akatoa silaha yake.

"Huyu wa mjomba," akasema, akaokota kijiti kimoja, "tunamwondoa. Tumeuliza, binti hana mjomba. Yupo? Asimame tumsalimie."

Nilimtazama mama wa binti. Aliendelea kupepeta mchele.

"Hayupo," mzee akasema, akakitupa kijiti nyuma yake.

Sijui Fundi alisimama pale kwenye ua wa minyaa tangu saa ngapi. Nilimwona wakati watu wa Lagangabilili walipogeuka. Alikuwa amekonda, baiskeli anaikokota, kofia mkononi, na uso umeiva kwa jua.

"Huyu mzee mweupe ni nani?" msemaji akauliza. "Mnunuzi wa pamba?"

Watu wakamgeukia dada. Ungo ukasimama.

"Muulizeni mwenyewe," akasema. "Mimi ni mfanyakazi tu."

Fundi alilaza baiskeli chini. Akaanza kusema, na ilinichukua muda kujua nini kimenishtua. Alikuwa anasema Kisukuma. Kisukuma kizito cha Ngulyati, cha mtu aliyekulia kwenye mashamba yale.

"Mimi ni mtoto wa Minza," alisema. "Huyu ni dada yangu. Tumelala tumbo moja, la Minza. Mjomba wa binti ni mimi."

Kuku walipita katikati yetu. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kulisikia jina la mama yao.

"Sema tena," dada akasema. "Kuna watu nyuma huku hawakusikia."

Akasema tena, kwa sauti kubwa, mpaka jina la mama likasikika jikoni.

Dada akapeta ungo wake mara moja, pumba zikaruka. Hakumtazama. Mimi ndiye niliyeambiwa.

"Haya, mwanangu. Okota ng'ombe wa mjomba, mrudishe hapo. Na mwambie asogee kivulini. Ngozi yake haiwezi jua hili."